Kivuli cha Mwavuli Mwekundu

Bulu Ase, tarehe 9 Mfunguo Tano

Shangazi yangu I Sompa,

Shikamoo. Natumai magoti yanakuruhusu kupanda ngazi, nyati wetu ameshazaa, na paa la upande wa jikoni limeezekwa kabla mvua hazijakolea. Mimi ni mzima. Najua hili litakushangaza, maana kwa mawazo ya watu wa Tellang nilipaswa ama niwe nimerudi, ama niwe nimezikwa.

Nimekamatwa, Shangazi. Acha nikueleze mwenyewe kabla hujasikia kwa watu wa sokoni, ambao watatia chumvi.

Ilikuwa siku ya kumwaga mbegu. Malkia We Cinnong alishuka shambani na watu wake wote, nami nimo katikati yao, nimejipaka matope kama mkulima. Kisu kilikuwa kiunoni kama ulivyonifundisha. Nikangoja mpaka alipoinama kutia mbegu ardhini, nikaruka. Nikiwa bado sijatua, saruni ikafunguka.

Nilitupa kisu nikaidaka saruni kwa mikono miwili. Wasichana wa kijiji kizima walikuwa mbele yangu, ungetaka nifanye nini? Kufa nilikuwa tayari. Kufa uchi, hapana.

Nikaanguka kifudifudi miguuni kwake, ndani ya kivuli cha mwavuli wake mwekundu. Huku ni kama kwetu, aliye ndani ya kivuli hicho haguswi. Walinzi wakasimama pembeni na mikuki yao, wakingoja jua lisogee. Malkia akawaona wanavyongoja. Akaagiza mkeka, akaketi. Kivuli kilipoanza kunikimbia, aliinuka akahamia upande wa pili, mshika mwavuli nyuma yake, kikanirudia. Tukakaa hivyo mchana kutwa, yeye akitafuna tambuu, mimi nimeng'ang'ania saruni. Jua lilipozama ikawa basi, maana aliyefikisha magharibi ndani ya kivuli hauawi tena kwa kosa lile.

"Naona unapenda kivuli," akaniambia. "Haya, kishike wewe."

Tangu siku ile mimi ndiye mshika mwavuli. Mti wake ni mzito, unataka mikono miwili. Nasimama nyuma ya mgongo wa mtu niliyetumwa kumuua, karibu kuliko nilivyowahi kuomba, na sina mkono wa kushikia kisu. Nadhani alilifikiria hilo. Mguuni wamenifunga kengele.

Ile kazi sijaisahau. Niombee.

Mwanao,
La Tuppu


Tellang, tarehe 2 Mfunguo Sita

Mwanangu La Tuppu,

Nimepokea salamu zako, ingawa zimechelewa. La Gau muuza chumvi alizibeba vizuri mpaka alipokuta watu wanapiganisha majogoo, na barua ikakaa naye hapo mpaka jogoo wake akafa. Magoti yangu yapo yalipo. Nyati amezaa dume lenye alama nyeupe kwenye paji la uso, na limeshaanza ukorofi. Paa bado.

Nimesoma habari ya saruni. Nimeisoma tena. Ulikuwa hujang'oa meno ya utoto nilipokufundisha kukunja, kubana, kukunja tena. Ukoo wetu umewashikia visu mabwana wa Tellang tangu babu wa babu yako, na hakuna hata mmoja aliyeshindwa na nguo yake mwenyewe. Majirani wakiniuliza, nawaambia ulizidiwa na watu mia.

Bwana wetu Arung hakucheka. Nakukumbusha kwa nini ulitumwa, maana naona kivuli kinakulewesha. Alimposa yule mwanamke kwa heshima zote. Alipeleka sinia la tambuu, limefunikwa kwa kitambaa nilichokifuma mimi kwa mikono hii. Akakataliwa. Kukataliwa si kitu, wanaume wanakataliwa kila siku na bado wanakula. Lakini sinia la posa hurudishwa limefunikwa, ili watu wasijue kama limeguswa au halikuguswa. Lile lilirudi wazi, limepitia lango la soko, tambuu zote zimekauka juu yake, hata wauza samaki wakaziona. Mpaka leo Arung hapiti sokoni. Wewe unajua aibu ni nini, si ndiyo uliyoitupia kisu?

Anataka ile kazi iishe kabla ya sikukuu ya mavuno.

Nina wageni wawili, vijana wa Arung wenye mikuki. Wanalala barazani kwangu na wanakula kama nyati. Usiniulize wamekuja kufanya nini.

Shangazi yako,
I Sompa


Bulu Ase, tarehe 25 Mfunguo Sita

Shangazi,

Shikamoo. Nafurahi kwa dume jipya, nakuomba usiliuze. Hao wageni wako wape wali wa jana, labda wataondoka.

Hukuniuliza naishije, lakini nitakueleza. Ikulu nzima watu wanatembea wameinama, mkono mmoja chini, wakipita mbele ya wakubwa. Mimi peke yangu nasimama wima, kwa sababu mshika mwavuli akiinama, kivuli kinaondoka. Kwa hiyo mawaziri wenye ndevu nyeupe wanapita usawa wa kiuno changu, na mimi mfungwa nawaangalia utosi. Wameninunia sana. Mmoja alinipiga kikumbo ngazini, kengele ikalia, na kakatua wa Malkia akaiga mlio ule. Sasa akilia ndani ya tundu lake, walinzi wote wanakurupuka wakidhani nimetoroka. Tundu lenyewe wanalifunika kila jioni kwa kitambaa cha manjano kizuri ajabu, pembeni kina nyota kama zile unazofuma wewe. Nikikiona nakumbuka nyumbani.

Malkia ana mambo yake. Mbele za watu hali kitu. Baraza likiisha anaagiza barongko, zile ndizi za kupondwa zinazopikwa ndani ya majani, anakula vifurushi vitano, na majani ya ndizi ananipa mimi nikayatupe ili wapishi wasijue ni nani. Wakati mwingine ananiachia kimoja. Kesi za watu wadogo anazisikiliza mpaka mwisho, hata ya bata.

Juzi alinikuta nachora herufi kwenye jani la mvumo.

"Unamwandikia nani?"

"Shangazi yangu, Puang," nikamjibu kwa cheo chake.

"Ndiye aliyekufundisha kufunga saruni?"

"Ndiye, Puang."

"Basi msalimie sana. Mwambie nipo hai kwa ajili yake."

Amekutumia na tambuu, imefungwa na barua hii.

Kuhusu ile kazi, mvua zimekuwa nyingi.

La Tuppu


Tellang, tarehe 20 Mfunguo Saba

La Tuppu,

Huku sote wazima. Paa limeezekwa, wale wageni wamesaidia. Sasa wamekuwa wanne.

Mwambie huyo mwanamke kwamba mimi sitafuni tambuu ya adui wa bwana wangu. Na mwambie atakayeitafuna aangalie, chokaa imezidi, inachoma ulimi.

Mvua haijapata kumzuia mtu wa ukoo wetu. Babu yako alifanya kazi yake akiwa na maji ya shingo.

Nina swali moja, nalo unijibu vizuri. Kitambaa cha kwenye tundu la ndege. Kwenye kona moja, kuna nyota ambayo uzi mweusi umeingia mahali pa mwekundu? Angalia kwa macho yako, usimuulize mtu.

I Sompa


Bulu Ase, tarehe 16 Mfunguo Nane

Shangazi,

Shikamoo. La Gau ameniletea barua yako akiwa na jogoo mpya kwapani, kwa hiyo hii sijui utaipata lini.

Uzi mweusi upo, kona ya chini. Umejuaje? Ulisimulia jinsi tambuu zilivyokauka, lakini hukusema kitambaa chake kilikwenda wapi.

Kengele wameniondolea. Malkia alisema inamsumbua ndege. Siku za kwanza nilikuwa nakosa usingizi bila ule mlio.

Nina jambo la kukuambia na sitaki tena kujificha nyuma ya mvua. Wiki iliyopita tulikwenda kuangalia mpunga unavyochanua. Malkia alichoka, akaketi kwenye tuta, nikauchomeka mwavuli kwenye udongo ukasimama wenyewe. Akasinzia. Wenzake walikuwa mbali wakichuma majani. Kando yake kulikuwa na kisu cha kukatia popoo, na mikono yangu yote miwili ilikuwa mitupu kwa mara ya kwanza tangu nije. Nzi akatua kwenye paji lake la uso. Nikamfukuza nzi.

Siwezi, Shangazi. Mtu huyu aliacha shughuli zake zote akakaa kwenye tope mchana mzima ili mimi nisichomwe mikuki. Nampenda kama ninavyokupenda wewe, na hilo linanitia hofu, kwa sababu nawajua wageni wako na najua hawakuja kuezeka paa. Mavuno yakipita na mimi sijafanya kitu, watakufanya nini? Niambie wazi. Safari hii usiniambie habari za nyati.

La Tuppu


Tellang, tarehe 3 Rajabu

La Tuppu,

Nyati hawajambo.

Nakuja huko kwenye sikukuu ya mavuno. Arung amenipa ruhusa, amenipa na kisu chake mwenyewe, chenye mpini wa pembe. Wageni watanisindikiza mpaka mpakani na kuningoja hapo.

Nitavaa kama muuza vitumbua. Ukiniona, hunijui.

I Sompa


Bulu Ase, tarehe 1 Shaabani

Mwanangu La Tuppu,

Naandika haya nikiwa ikulu, na wewe uko njiani kwenda kulala nyumbani kwangu. Mambo ya dunia. Mtungi wa kushoto una maji mazuri, wa kulia una mjusi. Walikutoa alfajiri na sinia mikononi kabla hatujasemezana, na katika sikukuu uliona mgongo wangu tu. Nikueleze upande wa mbele.

Ulipoandika kwamba uzi mweusi upo, nilikaa chini. Uzi ule ni kosa langu. Paka alirukia kitanda cha kufumia nikashika uzi usiokuwa wake, nikasema ni kona tu, nani ataona. Ni kitambaa kile kile kilichofunika sinia la posa. Nilikwenda mbio kwa Arung, nikamwambia, bwana wangu, hukudharauliwa, kitambaa kimepotelea njiani kikaangukia kwa ndege. Akasema natunga hadithi ili nikuokoe. Akasema kama kitambaa kipo, atakiamini akikishika. Akanipa kisu. Akasema nirudi na kimoja kati ya viwili, kitambaa au habari ya msiba, na nikirudi mikono mitupu nisihangaike kupanda ngazi ya nyumba yangu.

Kwa hiyo nilipopenya na sinia la vitumbua nikachomoa kisu, sikuwa namwendea Malkia. Nilikuwa nalielekea tundu lililokuwa nyuma yake, ambalo siku ile walilifunika mchana kwa ajili ya kelele za sikukuu. Ile kamba iliyofunga kitambaa ilikuwa na fundo la watu wasiojua mafundo, nikaona niikate. Ndege akalia kengele. Walinzi wakanigeukia wote, na mimi na magoti haya ningekimbilia wapi? Nikaona mikuki inakuja.

Halafu kukawa na kivuli.

Nilijua ni wewe kabla sijainua macho. Uliuinamisha mwavuli wote juu yangu, La Tuppu, ukamwacha Malkia amekaa juani mbele ya nchi nzima, amekunja uso. Watu walishika vinywa. Ulidhani nimekuja kumuua, sivyo? Ulidhani hivyo na bado ukanifunika. Nimelia sana jana, na sitaki mtu aniulize.

Malkia alikaa pale pale juani. Akauliza, "Bibi, una ugomvi gani na ndege wangu?"

Nikamwambia, "Puang, ulirudisha sinia la watu bila kitambaa."

"Bila kitambaa?"

Hakujua chochote. Aliyelibeba sinia ni kijakazi I Nyambe. Alikiona kitambaa kizuri, akadhani ni zawadi na tambuu ndizo posa, akakiacha ikulu na kurudisha sinia bila kitambaa. Msichana ametoka milimani, kwao posa hupelekwa na nazi. Malkia aliziba uso kwa mikono miwili. Alisema hata yeye angetuma mtu mwenye kisu.

Wazee wakasema mshika mwavuli aliyemwacha Malkia juani lazima afukuzwe nchini, ndiyo sheria. Akawajibu kwamba sheria haisemi aende wapi, na haisemi asirudi. Ndiyo maana umebeba hilo sinia la tambuu, limefunikwa kwa kitambaa changu kama lilivyopaswa kurudi. Mbeba sinia la posa haguswi mpaka aliweke chini, kwa hiyo usiliweke chini ovyo. Mimi nimebaki rehani hapa.

Na kama uzi ungekuwa mwekundu, kitambaa kisiwe changu, ningefanya nini na kile kisu? Usiniulize.

Umefunga saruni vizuri?

Shangazi yako,
I Sompa


Tellang, tarehe 14 Shaabani

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, saruni nimeifunga mafundo mawili na mkanda juu yake. Dume lako limenipiga pembe. Mjusi yupo.

Niliingia kwa Arung na sinia mikononi. Mikuki ilikuwa mingi kuliko ile ya Bulu Ase. Akasema, "Weka chini." Nikasema, "Bwana wangu, naogopa." Kuna mtu nyuma alicheka, akakanyagwa mguu.

Arung hakunitazama mimi, alikitazama kitambaa. Akakishika kona kwa kona mpaka akaufikia ule uzi mweusi, akaugusa kwa kidole. Nikayasema maneno ya Malkia kama alivyonikaririsha: "Jibu langu ni lile lile, lakini lilipaswa kufika limefunikwa. Kosa ni la nyumba yangu, naomba radhi."

Akakipitia kitambaa tena kuanzia kona ya kwanza. Nilikuwa nakufikiria wewe. Hatimaye akasema, "Toka nje."

Nikajua nimekwisha. Kumbe hakuwa amemaliza. "Toka nje, uende mpaka lango la soko, uingie tena. Polepole. Na mtu asiliguse hilo sinia."

Nimelipitisha sokoni, Shangazi, limefunikwa, watu wamejipanga pande zote mbili, wauza samaki wamesimama. Na Arung mwenyewe alikuja kunipokea pale pale sokoni, ambako hajakanyaga tangu mwaka jana. Akainua pembe ya kitambaa, akatoa tambuu moja, akaitafuna mbele ya wote. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Akasema mwanamke anayetia chokaa namna hii, labda ni heri alikataa. Soko zima lilicheka, na yeye pia. Sijawahi kumsikia akicheka.

Wageni wako wameondoka barazani. Yule mnene alikuwa na huzuni, anauliza utarudi lini kupika. Arung amesema huna deni naye wala mimi sina. Ameniomba nibaki nimshikie mwavuli wake. Ni wa kijani, mwepesi, unashikika kwa mkono mmoja na mshahara wake ni mzuri. Nimeomba siku chache nifikirie, maana kule mimi ni mtu aliyefukuzwa, na sijui kama wanataka nirudi au ni wewe tu unayesema sheria haikatazi.

La Tuppu


Bulu Ase, tarehe 24 Shaabani

Mwanangu,

Salamu zingine nitakupa uso kwa uso. Mimi nabaki huku, kuna mtu lazima awafundishe hawa kipimo cha chokaa.

Tangu ulipoondoka wamemletea Malkia washika mwavuli watatu. Wa kwanza alikuwa mfupi, wa pili ananuka samaki, wa tatu hana kosa lolote na amemfukuza vilevile. Mwavuli umeegemezwa ukutani. Anakwenda shambani bila kivuli, anasikiliza kesi bila kivuli, wazee wanalalamika, anawaambia mwenye kazi yake hajarudi.

Pua yake imebabuka yote. Njoo kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama.

I Sompa